Magoti yanayogongana na matege: kupima, kusubiri na kutibu miguu ya mtoto kwa wakati wake

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi anayeona magoti ya mtoto yakigongana anapotembea huku vifundo vya miguu vikiwa vimeachana, au anayeona kinyume chake, yaani matege, ambapo vifundo hukutana na magoti yakabaki mbalimbali. Kijana aliyekwisha kukua na mtu mzima nao wana sehemu yao kuelekea mwisho. Nimeupanga kwa hatua kwa sababu tatizo hili huharibiwa na kukosea mpangilio. Mtoto anayepasuliwa kabla ya kupimwa damu anaweza kurudiwa na miguu ileile baada ya muda, na mtoto anayekandwa kwa mafuta mwaka hadi mwaka mpaka afikishe miaka 16 huwa amekwisha kupitwa na tiba ambayo ingekuwa nyepesi alipokuwa na miaka 10.

Hatua ya kwanza: linganisha miguu na umri

Mtoto huzaliwa akiwa na matege, na hilo si kilema. Miguu yake ilikunjwa tumboni mwa mama kwa miezi mingi, na kupinda huko, ambako kwa kawaida ni kati ya digrii 10 na 15, hupungua kadiri anavyokua mpaka miguu inanyooka akiwa na umri wa miezi 18 hadi 24. Hapo haitulii. Huendelea kuelekea upande wa pili, magoti yakaanza kukaribiana, na mtoto anapokuwa na miaka 3 hadi 4 kugongana kwa magoti hufikia kilele, pengine digrii 10 hadi 12. Kisha hali hiyo hupungua polepole, na afikapo miaka 7 hivi mtoto huwa na miguu iliyo karibu sana na ile atakayokuwa nayo utu uzimani, ambayo kwa watu wengi ina mwinamo wa digrii 5 hadi 7. Watafiti wawili wa Finland, Salenius na Vankka, waliuonyesha mwendo huu mwaka 1975 baada ya kupima miguu ya watoto zaidi ya elfu moja, pamoja na picha zao za eksirei, na hadi leo madaktari wa mifupa ya watoto wanautumia kama kipimo cha kulinganishia.

Maana yake kwa mzazi ni kwamba mtoto wa miaka 3 na nusu ambaye magoti yake yanagongana kwa usawa kwa miguu yote miwili, anayecheza bila maumivu na anayerefuka kama wenzake, hahitaji dawa wala kifaa. Anahitaji kupimwa na kusubiriwa. Mtoto wa umri huohuo mwenye matege yanayoongezeka hayuko katika hali hiyo, kwa kuwa matege yalipaswa kuwa yamekwisha.

Akina mama wengi huambiwa kwamba kumbeba mtoto mgongoni kwa kanga ndiko kulikomletea matege. Lawama hiyo haina msingi. Mkao wa mtoto aliyebebwa mgongoni, mapaja yakiwa yamepanuka na magoti yamekunjwa, ni mkao mzuri kwa viungo vya nyonga. Lenye madhara ni desturi ya kumnyoosha mtoto mchanga miguu na kumfunga kwa nguo iliyokaza ili "asipinde", kwa sababu kunyooshwa namna hiyo kunaweza kuitoa nyonga katika nafasi yake.

Hatua ya pili: pima, andika, piga picha

Macho ya mzazi anayemwona mtoto kila siku hayawezi kugundua mabadiliko ya polepole, na mtoto mnene mwenye mapaja yanayogusana huonekana ana magoti yanayogongana hata pale mifupa yake ilipo sawa. Chukua tepu ya fundi cherehani na daftari.

Mvue mtoto suruali au sketi, asimame kwenye sakafu iliyo sawa, magoti yamenyooka na vilegesambwa, yaani vile vifupa vya mviringo vilivyo mbele ya magoti, vikitazama mbele kabisa. Usitazame vidole vya miguu, kwa sababu mtoto anaweza kuelekeza vidole mbele huku magoti yametazama ndani, na kipimo chote kikawa cha uongo. Mwambie asogeze miguu mpaka magoti yagusane kidogo bila kubanana, kisha pima nafasi iliyopo kati ya vifundo viwili kwa upande wa ndani, pale mfupa ulipotokeza. Kwa mtoto wa kati ya miaka 2 na 11, nafasi isiyozidi sentimita 8 kwa kawaida imo ndani ya mipaka. Kwa mwenye matege fanya kinyume, vifundo viguse na upime nafasi kati ya magoti. Ikizidi sentimita 6 baada ya umri wa miaka 2, mpeleke akaonwe.

Andika tarehe, kipimo, urefu wa mtoto na uzito wake, kisha mpige picha ya mbele na ya nyuma akiwa amesimama mahali palepale. Rudia kila baada ya miezi mitatu kwa mtoto mdogo na kila baada ya miezi sita kwa aliyezidi miaka 5. Ukiweza, yaandike hayo nyuma ya kadi ya kliniki ili yasipotee. Daktari atakayeona vipimo vinne vilivyofuatana atajua zaidi kuliko atakayemwona mtoto mara moja tu, kwa sababu swali lake kubwa litakuwa kama miguu inaelekea kunyooka au inazidi kupinda.

Hatua ya tatu: zijue dalili zisizosubiri

Mpeleke mtoto kwa daktari bila kusubiri kipimo kinachofuata ikiwa mguu mmoja umepinda kuliko mwingine. Ikiwa ni mfupi sana kwa umri wake. Ikiwa ana maumivu, anachechemea au goti linamchomoka kwa nje kila anapokanyaga. Ikiwa matege yameendelea baada ya miaka 2 au kugongana kwa magoti kumeanza ama kumeongezeka baada ya miaka 7. Ikiwa aliwahi kuvunjika au kuugua usaha wa mfupa karibu na goti. Au ikiwa katika ukoo wapo watu wafupi wenye miguu iliyopinda. Viungo vya mikono vilivyovimba na kuwa vipana, mbavu zilizoota vinundu vinavyofuatana mbele ya kifua, meno yaliyochelewa kuota na mtoto aliyechelewa kutembea ni dalili za riketsi, yaani ugonjwa wa kulainika kwa mifupa, nayo hutibiwa kwanza kabla ya jambo lingine lolote.

Hatua ya nne: tafuta chanzo kabla ya kutafuta tiba

Katika hatua hii ndipo watoto wengi hupotezewa muda. Miguu iliyopinda ni dalili, na magonjwa yanayoweza kuipinda ni mengi na hayafanani katika tiba.

Riketsi ni kulainika kwa mifupa inayokua kwa kukosa vitamini D, kalsiamu au fosforasi. Watu hushangaa kuisikia katika nchi zenye jua kali kama zetu, lakini jua halimfaidii mtoto asiyelifikia. Mtoto anayelelewa ndani ya chumba cha ghorofani mchana kutwa na dada wa kazi, au anayetolewa nje akiwa amefunikwa gubigubi, anaweza kukosa vitamini D akiwa Nairobi au Dar es Salaam. Wapo pia wanaoota jua la kutosha ila chakula chao hakina kalsiamu, kwa kuwa baada ya kuachishwa ziwa hula uji mwepesi wa mahindi na ugali bila maziwa wala dagaa. Daktari ataagiza picha ya eksirei ya kiungo cha mkono au goti, ambako ncha za mifupa huonekana zimechakaa na kupanuka, pamoja na vipimo vya damu vya kalsiamu, fosforasi, kimeng'enya cha alkalini fosfatesi na hali ya figo. Usikubali kuishia kwenye eksirei peke yake. Ipo riketsi ya kurithi ambayo figo hupoteza fosforasi, na ipo inayoletwa na ugonjwa wa figo; zote mbili haziponi kwa matone ya kawaida ya vitamini D.

Floraidi, aina ya madini yaliyomo katika maji, ni chanzo kinachotuhusu sana sisi wa ukanda wa Bonde la Ufa. Maji ya baadhi ya vijiji vya mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, yakiwemo maeneo ya Maji ya Chai, yana floraidi nyingi kutoka kwenye miamba ya volkano, na wenyeji wanaijua kwa rangi ya kahawia inayoachwa kwenye meno. Inapozidi sana haiishii kwenye meno, bali huingia katika mifupa ya mtoto na kuipinda, kuelekea ndani au kuelekea nje. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, kiasi kilichobaki huwa kikali zaidi. Kinachosaidia ni maji ya mvua, chanzo kingine kilichopimwa, au chujio la mkaa wa mifupa kama linalotumiwa na kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Punguza pia magadi katika makande na maharage, hasa kwa chakula cha watoto, kwa sababu magadi ya huku mara nyingi hubeba floraidi yake. Mtoto akinyooshwa miguu hospitalini na kurudi kunywa maji yaleyale, ugonjwa unaendelea kumla.

Ugonjwa wa Blount huwapata zaidi watoto wazito walioanza kutembea mapema. Gegedu la ukuaji, yaani tabaka laini karibu na ncha ya mfupa ambako mfupa hurefukia, husimama kukua upande wa ndani wa juu ya muundi huku upande wa nje ukiendelea, na matokeo yake ni matege yanayoongezeka, mara nyingi mguu mmoja ukizidi mwingine. Huu haungojewi. Mtoto akifanyiwa upasuaji kabla ya kutimiza miaka 4 matokeo huwa bora zaidi kuliko baadaye, na ndiyo sababu matege baada ya miaka 2 hayafai kupuuzwa.

Hali ya mwisho ni ya mtoto wa miaka 3 hadi 6 aliyevunjika muundi karibu na goti. Mfupa huunga vizuri, kisha ndani ya mwaka mmoja na nusu mguu huanza kuinama ndani, na mzazi hudhani plasta ilifungwa vibaya. Kwa sehemu kubwa mguu huo hujirudi wenyewe katika miaka michache, hivyo daktari makini atafuatilia kwa eksirei na hataukata upesi.

Hatua ya tano: dawa na chakula

Riketsi ikithibitishwa kuwa ya lishe, kiwango kinachotumika kimataifa kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 12 ni yuniti 3,000 hadi 6,000 za vitamini D kwa siku, na yuniti 2,000 kwa mtoto aliye chini ya mwaka, kwa muda usiopungua miezi mitatu, pamoja na miligramu 500 za kalsiamu kila siku kutoka kwenye chakula au vidonge. Nimetaja viwango hivi ili uweze kuzungumza na daktari kwa ufahamu. Usivitumie kama ruhusa ya kununua dawa dukani, kwa sababu vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu katika damu na kudhuru figo.

Jikoni, kalsiamu ipo katika maziwa, mtindi, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na ulezi. Unga wa ulezi una kalsiamu nyingi kuliko unga wa mahindi kwa mbali sana, na uji wake ukichachushwa kidogo kabla ya kupikwa mwili huipokea kalsiamu hiyo kwa urahisi zaidi. Pondaponda dagaa waliokaushwa uchanganye kijiko kimoja katika uji au mchuzi wa mtoto kila siku, na umtoe nje acheze mikono na miguu ikiwa wazi. Miguu iliyopinda kwa riketsi kwa mtoto mdogo mara nyingi hunyooka yenyewe katika mwaka mmoja au miwili baada ya mifupa kupona, na hapo ndipo utaona faida ya daftari lako la vipimo. Upasuaji kwa mtoto ambaye riketsi yake bado ni hai hauna maana, kwa kuwa mfupa laini utapinda tena.

Hatua ya sita: acha visivyonyoosha mfupa

Viatu maalumu, soli zilizoinuliwa upande mmoja, kukanda kwa mafuta, mikanda ya kufunga miguu usiku inayouzwa mtandaoni na mazoezi ya "kunyoosha miguu kwa siku 30" havibadilishi umbo la mfupa wa mtoto. Mikanda inaweza hata kubana neva iliyo nje ya goti na kulegeza kano. Naelewa kwa nini watu huvinunua: mtoto wa miaka 4 huvalishwa viatu hivyo, afikapo miaka 7 miguu imenyooka, na sifa hupewa viatu. Mtoto huyo angenyooka akiwa pekupeku.

Mazoezi yana mahali pake kwa kijana na mtu mzima ambaye mifupa yake iko sawa lakini goti huangukia ndani anapochuchumaa au kushuka ngazi. Simama mbele ya kioo kwa mguu mmoja, kunja goti kidogo, na utazame kama linaingia ndani ya mstari wa kidole cha pili cha mguu. Likiingia, misuli ya pembeni ya nyonga ni dhaifu. Lala ubavu na uinue mguu wa juu ukiwa umenyooka, kisha ukunje magoti yote mawili na ufungue goti la juu huku nyayo zimegusana, na baadaye ujizoeze kupanda ngazi moja polepole goti likibaki juu ya unyayo. Seti tatu za marudio 10 hadi 15, mara tatu kwa wiki kwa wiki 8 hadi 12, huleta tofauti katika mwendo na maumivu. Mfupa utabaki ulivyo.

Hatua ya saba: upasuaji wa kuelekeza ukuaji

Mtoto ambaye amevuka umri wa miaka 7 au 8, chanzo kimetibiwa, na miguu bado imepinda kiasi cha kumuumiza au kumzuia kutembea vizuri, hupigwa eksirei ndefu akiwa amesimama, kutoka nyonga hadi kifundo. Daktari huchora mstari kutoka katikati ya kichwa cha mfupa wa paja hadi katikati ya kifundo. Mstari huo unapaswa kupita karibu na katikati ya goti. Ukipita nje, magoti yanagongana. Ukipita ndani, ni matege. Picha hiyo pia huonyesha kama kilichopinda ni paja, muundi au vyote viwili, na bila hiyo hakuna anayepaswa kukubali kisu.

Kama mtoto bado ana angalau mwaka mmoja wa kukua, bamba dogo lenye skrubu mbili huwekwa upande mmoja wa gegedu la ukuaji, upande wa ndani kwa magoti yanayogongana na upande wa nje kwa matege. Upande uliozuiwa husubiri, ule mwingine huendelea kukua, na mguu hujinyoosha kidogokidogo. Wazo hili ni la zamani: Walter Blount wa Marekani, yuleyule ambaye ugonjwa wa matege ulipewa jina lake, alilitumia mwaka 1949 kwa pini za chuma, na bamba la kisasa lilielezwa na Peter Stevens mwaka 2007. Mtoto hukanyaga ndani ya siku chache, na kazi huchukua kwa kawaida kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu.

Sharti lake ni moja, nalo halina mjadala. Mtoto lazima arudi hospitali kila baada ya miezi mitatu au minne, na bamba litolewe mguu unaponyooka. Familia inayoishi mbali ikiacha kurudi kwa sababu mtoto anaonekana amepona, mguu hupitiliza na kupinda upande wa pili. Kabla ya kukubali upasuaji, panga nauli ya safari zote hizo. Wasichana wengi humaliza kukua karibu na miaka 14 na wavulana karibu na 16, hivyo msichana wa miaka 12 hana tena muda wa kuahirisha.

Hatua ya nane: kukata na kupanga mfupa

Kwa aliyemaliza kukua, au mwenye kupinda kukubwa mno, mfupa hukatwa, hupangwa sawasawa na kushikizwa kwa bamba, plasta au fremu ya duara yenye nyaya iliyobuniwa na Gavriil Ilizarov wa Urusi, ambayo husogeza mfupa takriban milimita moja kwa siku. Kuunga huchukua wiki 6 hadi 12, pengine zaidi kwa fremu. Kwa mtu mzima mwenye magoti yanayogongana na kuumwa upande wa nje wa goti, upasuaji huu unaweza kuchelewesha kuchakaa kwa kiungo, mradi gegedu linalofunika kiungo hicho halijaisha. Upasuaji wa aina hii hufanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili na hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam, hospitali ya KCMC mjini Moshi, hospitali ya CURE huko Kijabe nchini Kenya na hospitali ya CoRSU nchini Uganda. Arusha kuna kituo cha The Plaster House, ambako watoto hukaa wakipona baada ya kunyooshwa miguu, wengi wao wakiwa wametoka vijiji vya mbali ambako haiwezekani kusafiri na plasta kila wiki.

Hatua ya tisa: uangalizi baada ya upasuaji

Saa 48 za kwanza ndizo zenye hatari kubwa. Magoti yanayogongana yanaponyooshwa kwa mara moja, neva inayopita nje ya goti huvutwa. Kila baada ya saa chache mwambie mtoto ainue unyayo na vidole kuelekea usoni mwake, na umguse juu ya unyayo ukiuliza kama anahisi. Akishindwa, au maumivu yakizidi licha ya dawa na kuwa makali zaidi unapomnyoosha vidole, mwite muuguzi papo hapo na usikubali kuambiwa usubiri daktari wa asubuhi, kwa sababu plasta huenda ikahitaji kupasuliwa na presha ndani ya misuli kufunguliwa ndani ya saa chache.

Baadaye fuata ratiba ya magongo kama ulivyopewa, na mtoto aanze kukunja goti mapema kadiri daktari alivyoruhusu, maana goti lililokaa wiki nyingi bila kukunjwa hukakamaa. Endelea na dawa za riketsi au maji salama kwa muda wote huo. Bamba likishatolewa, rudi kwenye tepu na daftari: mtoto mdogo anaweza kurudiwa na kupinda kidogo kwa sababu gegedu lililozuiwa hukua kwa kasi likiachiwa. Pima kila baada ya miezi sita, vilegesambwa vikitazama mbele kama ulivyofanya mwanzo, mpaka atakapoacha kurefuka, na kipimo kikiongezeka mara mbili mfululizo mrudishe kwa daktari aliyemfanyia upasuaji pamoja na daftari hilo.